Mtoki wa Raya

Ukiuliza pale Soweto ya Moshi kwa nini Bi Adija aliacha kuchua watu, utaambiwa ni baridi yabisi ya vidole. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na miaka ishirini na mbili sasa watu wamemeza bila kutafuna. Uongo mtupu! Vidole vyake vizima kabisa. Mama huyu analiogopa dole gumba lake mwenyewe.

Enzi zake, jamani, hakuwa na mpinzani. Mtu akitokwa na mtoki, ile tezi inayovimba kinenani au kwapani, alikimbizwa kwake hata kutoka Kwa Sadala. Bi Adija alipasha moto mwiko wa marehemu mama yake, akaukandamiza juu ya uvimbe, kisha akausukuma kwa dole gumba huku akiuamrisha, "Rudi ulikotoka!" Mara tatu, na mate kidogo. Wengi walipona. Wangepona hata wangelala tu nyumbani, lakini nani angethubutu kumwambia?

Halafu Raya, mtoto wake wa pekee, miaka tisa, akachomwa na mwiba kisiginoni. Tundu likajifunga, likabaki doa. Baada ya siku mbili mtoki ukatoka kinenani. Mama mtu hata hakuuliza habari ya mguu, mwiko ukawekwa motoni.

"Mama, polepole," mtoto alisema. "Mama, polepole."

Hakwenda polepole. Alichua siku tatu, asubuhi na jioni. Mstari mwekundu uliokuwa unapanda kutoka kisiginoni aliuona, akadhani ni alama ya mkeka, akaufunika kwa khanga. Siku ya nne Raya alikuwa anatetemeka na kuwaita watu ambao hawapo. Hospitali walimhangaikia tangu asubuhi, lakini alasiri akafariki.

Muuguzi aliyekuwa zamu aliitwa Digna, mtu wa huko juu migombani. Alikaa naye kwenye benchi.

"Mama Raya, mwilini kuna mishipa ya damu, hiyo unaijua. Kuna na mingine myembamba, inapitisha majimaji tu, kama mifereji yetu ya kule mlimani. Inazoa uchafu na vijidudu, inavipeleka kwenye tezi. Askari wa mwili wanakaa humo, wanapambana navyo visiingie kwenye damu. Tezi ikivimba, ujue wanapigana. Ugonjwa haukuwa pale ulipochua. Ulikuwa mguuni."

"Kwa hiyo nimemuua mimi?"

Digna alimsogelea. "Kilichomuua ni vijidudu, mama. Ila siku tatu ni nyingi."

Tangu hapo Bi Adija hana raha. Akikanda unga wa chapati, kidonge kikibingirika chini ya dole gumba, anashtuka na kuliachia bakuli. Akifua uani, anasikia nyuma ya mgongo wake, karibu kabisa, "Mama, polepole." Akigeuka hakuna mtu. Mwiko hakuuchoma wala kuutupa. Ameuning'iniza juu ya mlango, na kila akipita anainamisha kichwa.

Basi juzi juzi, mchana kweupe, akabisha hodi Agness, mke wa mfanyakazi wa mashamba ya miwa. Alikuwa amemshika mkono binti yake Doris, aliyevaa sare za shule na kuchechemea.

"Shikamoo, bibi. Nimeelekezwa kwako. Mtoto ana mtoki."

"Marahaba. Nilishaacha, mwanangu. Vidole vina baridi yabisi."

"Mguse tu kidogo, bibi, apate usingizi. Hospitali nitampeleka kesho."

Doris alikuwa na miaka tisa. Ya Rabi, kwa nini tisa? Bi Adija alinyoosha mkono bila kutaka. Uvimbe ukabingirika chini ya dole gumba, wa moto, uleule. Na nyuma yake, uani, sauti ikasema, "Mama, polepole."

Akauondoa mkono kwa kasi. "Mvue soksi!"

"Mguuni hana kitu, bibi. Panamuuma huku juu."

"Nimesema mvue!"

Kati ya vidole kulikuwa na kitundu, mahali alipotolewa funza kwa pini. Kutoka hapo mstari mwekundu ulipanda hadi chini kidogo ya goti. Bi Adija alichomoa kalamu kwenye begi la shule, akachora alama pale mstari ulipoishia.

"Tunaondoka sasa hivi."

Agness akasita. "Bibi, mimi nilikuja unichulie tu. Baba yake akirudi jioni ndiyo tutaamua."

Hapo ndipo uongo wa miaka ishirini na mbili ulipoishiwa nguvu.

"Sikiliza, Agness. Sina baridi yabisi. Nilikuwa na binti, Raya, alikuwa na mstari kama huu, nikaufunika kwa khanga. Nikamchua, nikamchelewesha, akafa. Nilimchelewesha mimi, mama yake mzazi. Umenisikia?"

Agness alimbeba Doris mgongoni, wakatoka mbio kutafuta bajaji.

Foleni hospitalini ilikuwa ndefu, wakaambiwa wangoje. Walingoja. Mtoto alianza kutetemeka. Bi Adija akamfunua mguu. Wekundu ulikuwa umeipita alama ya kalamu kwa upana wa vidole viwili. Aisee, alipiga kelele hadi dirisha la dawa likafunguliwa! Muuguzi akaja akiwa amekasirika, akauona mguu, hasira zikamwisha. Akambeba Doris yeye mwenyewe.

Dripu ilipokuwa inaingia daktari alitoka, akasema dawa imewahi, ila wangefika kesho angesema mengine. Agness alianguka magotini akilia, "Asante Yesu," huku ameshika khanga ya Bi Adija.

Doris alifumbua macho. "Bibi, mbona mtoki bado upo?"

"Uache. Una kazi."

Bi Adija alirudi nyumbani peke yake. Aliuteremsha mwiko, akauvunja gotini, akatia vipande motoni. Kisha akakaa uani, akasubiri. Haikuchukua muda.

"Mama, polepole."

Safari hii hakugeuka kutafuta mtu. "Nimesikia, mwanangu," alijibu, na jibu hilo Raya alilisubiri tangu akiwa na miaka tisa.