Hawah Apelekwa Ziwani Kupumzika

Ukienda harusi ya Wanubi mjini Arua, ukaona watu wamekula wakashiba na bado masinia yanazunguka, jua kwamba nyuma ya nyumba, kwenye moshi, yuko Hawah. Amepika tangu usichana wake. Amepikia maharusi ambao leo wana wajukuu, amepikia misiba na maulidi, na mwaka juzi vijana wa timu ya Onduparaka waliposhinda mechi wakapagawa, nani alitwikwa kazi ya kuwalisha? Macho yake yamekuwa mekundu siku zote, kama ya mtu aliyetoka kulia. Mumewe alifariki mapema, watoto wakakua na kusomeshwa na sufuria zile zile, na sikumbuki hata mmoja wao aliyewahi kumuuliza kama amechoka.

Kwa hiyo mwanawe Swaka, mwenye duka la vipuri vya pikipiki kule Koboko, alipotangaza mbele ya jamaa kwamba Idi ikipita atampeleka mama yake ziwani kupumzika, Hawah alilia. Alilia hadharani, akajifuta kwa ncha ya mtandio, na watu wakampongeza Swaka mpaka kichwa kikamvimba.

Tena si ziwani popote tu. Walikuwa wanakwenda Pakidi, kijiji cha zamani kando ya Ziwa Albert, chini kabisa ya milima. Hapo ndipo askari waliotoka Sudan, mababu wa Wanubi hawa, walipopiga kambi na wake zao na kungoja amri ambayo haikufika. Bibi yake Hawah, habuba kama wanavyosema kwao, alizaliwa kambini humo. Alipokuwa mzee, haoni tena, alimwambia mjukuu wake kwamba juu ya kijiji kuna ukuta wa mawe uliojengwa na askari wale, na kwamba mama yake alizikwa karibu na ukuta huo. "Mimi hapana rudi," alimwambia. "Siku wewe nafika, kaa pale juu, soma Fatiha ya mama yangu." Hawah alikuwa mtoto. Aliitikia, na tangu hapo hajapata nafasi, maana kila mwisho wa juma Arua kuna mtu anaoa.

Ijumaa asubuhi akatoka na kibegi kidogo, amevaa gauni la Idi, amejipaka hina. Gari lilikuwa limefunguliwa nyuma. Akachungulia. Zilikuwemo sufuria zake tatu kubwa, karai lake, gunia la mchele, unga, vitunguu na mbuzi mzima aliyekwisha kuchinjwa.

"Hii ya nini?" akauliza.

Swaka akacheka. "Mama, nani tena iko jua kupika kama wewe?"

Na yeye, kwa sababu ni mama, akachekelea. Sifa ni kitu kibaya sana. Akaingia garini. Gari la pili lilikuwa njiani kutoka Koboko, limejaa ndugu za Sadiya, mke wa Swaka, na hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya gari la pili.

Nyumba ya wageni ya Pakidi ilikuwa nzuri, sikatai. Ilitazama maji, na ng'ambo ilionekana milima ya Kongo, ya buluu. Msimamizi wake, mwanamke mmoja aitwaye Nora, alikuwa amefagia kila mahali, amewasha jiko, amefunga kitambaa safi kichwani. Swaka akamsimamisha mlangoni.

"Hapana jisumbua, dada. Sisi Waislamu. Hatujui nani nachinja. Mama atapika."

Nora akaenda kukaa kwenye kigoda chake kando ya jiko lake, akaliacha lipoe. Hawah akavua gauni la Idi.

Jioni ile alipika. Jumamosi alfajiri akakoroga unga na kumimina gurusa, zile chapati za maji nyembamba ambazo Mnubi hawezi kunywa chai bila hizo, na kundi zima lile likala likitafuna na kumwita atoe nyingine. Akapika mchana. Wenzake walioga ziwani, walilala kwenye mikeka, walipigana picha. Mara mbili alinawa mikono akasema sasa anapanda kuona ukuta, na mara mbili Sadiya alitokeza kichwa dirishani: wageni wamemaliza chai, mama, nyama isiungue, mama. Kila neno na "mama" nyuma yake, kwa adabu kubwa. Hasira inanipanda nikiisimulia adabu ile.

Saa kumi walipanda mlimani, wote, wakimwacha na mbuzi. Waliporudi Swaka alikuja mbio jikoni, jasho linamtoka, amefurahi kweli kweli.

"Mama, tumefika mpaka kwa ukuta! Tazama!" Akamwekea simu usoni, mikono yake Hawah ikiwa ndani ya unga hadi kwenye viwiko. Alimwona Swaka amekaa juu ya ukuta, vidole viwili hewani. Alimwona Sadiya amekaa. Aliwaona ndugu za Sadiya, watu wa Dranya kule Koboko, wasio na habari na habuba wa mtu, wamekaa wote kwa mstari, wanacheka.

"Mlisoma Fatiha?" akauliza.

"Fatiha ya nani?" akasema Swaka.

Alikuwa amemsimulia habari hiyo tangu akiwa ananyonya! Hawah aligeukia karai, na moshi ukamsitiri.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kurudi. Aliamka mapema, akaswali, akafunga viatu, na alikuwa amefika uani Sadiya alipomwita kwa sauti ya usingizi. Watoto watahitaji gurusa za njiani, mama. Nyingi kidogo, safari ni ndefu. Hawah akavua viatu.

Alikuwa kwenye gurusa za mwanzo Nora alipokuja kuchukua majivu. Alisimama, akamtazama.

"Mama, wewe iko mpishi yao?"

"Mimi iko mama yao."

"Ah." Nora akakaa. "Sasa mbona mimi nakaa bure tangu Ijumaa? Kazi yangu ni kupika. Kijana yako tayari nalipa."

"Yeye nasema nyama, hajui nani nachinja."

"Nyama gani? Mimi napika samaki. Samaki, nani nachinja?"

Hawah akabaki na upawa mkononi. Ni yeye aliyemfundisha Swaka, kabla hata ya madrasa, kwamba kilichotoka majini ni halali, hakingoji kisu cha mtu. Swaka alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Dini haikuwemo kabisa. Lilikuwemo tumbo lake tu, na ametumia jina la Mungu kulifunika! Gurusa iliyokuwa kwenye kikaango ikaanza kuungua pembeni, na Hawah akaiangalia ikiungua.

"Iko samaki sasa?" akauliza.

"Iko ya jana jioni. Ya mtumbwi wa kaka yangu."

Akaondoa kikaango motoni, akamwaga maji kwenye kuni zake. Akakaa mkekani kama mgeni, akamiminiwa maji ya kunawa, akaletewa samaki na ugali wa muhogo. Alikula taratibu. Samaki alikuwa amezidi chumvi kidogo, na Hawah hakusema, maana alikuwa hajawahi kuonja chakula kitamu kama kile.

Honi ilipolia, magari yalikuwa yamepakiwa isipokuwa sufuria. Swaka akaja na funguo mkononi, Sadiya nyuma yake.

"Mama, twende! Jua iko panda."

"Nyinyi muende," alisema Hawah. Alikuwa anafunga viatu. "Nyinyi nafika Ijumaa, nakula, napumzika. Mimi bado kufika."

"Bado kufika wapi? Mama, tuko hapa siku tatu!"

"Nyinyi iko hapa. Mimi iko jikoni. Jikoni kama hii iko Arua."

Swaka akamtazama mkewe, akatazama kuni zilizolowa. Mtu angedhani sasa ameelewa. Mwanamume mzima, mwenye duka.

"Na gurusa ya njiani?" akauliza.

Hawah alimshika Nora mkono wakaanza kupanda, polepole, kwa sababu magoti yake si ya jana. Ukuta ulikuwa mfupi kuliko alivyodhani, na mawe yake yalikuwa ya moto kwa jua. Akakaa. Akainua mikono, akamsomea mama wa habuba, akamsomea na habuba. Chini, honi ikalia tena, ndefu, ya mtu aliyekasirika.

Hawah akanyosha miguu.