Bunduki Laini ya Bibi Biskuti

Jumamosi ile nilikata kiuno mbele ya kadamnasi, na gauni langu refu na buti, huku adui yangu akitokwa damu vidoleni.

Msinihukumu haraka. Ngojeni niwape mkasa wote.

Mimi naitwa Verna, ila kwenye klabu yetu ya kulenga shabaha, kule Bonde la Nge, Arizona, hakuna anayeniita hivyo. Pale tunavaa kama watu wa enzi za treni za moshi, na kila mtu ana jina lake la uwanjani. Mimi ni Bibi Biskuti. Mume wangu Harlan ni Mchungaji Kiroboto.

Halafu yupo Ardith. Mjane Radi.

Jamani, yule mwanamke! Kila msimu anabeba sahani ya bati ya mabibi. Sahani yenyewe imebonyea, lakini bingwa ndiye anayekula maharage ndani yake siku ya mwisho, klabu nzima ikimtazama. Nimemtazama Ardith akitafuna mpaka nikaota meno yake.

Mwaka huu nikasema weee, sahani ni yangu.

Tatizo mikono. Baridi yabisi imenikalia vidoleni, na bunduki zetu ni zile za wenzo. Ukishafyatua unasukuma wenzo chini, ganda linaruka, unaurudisha juu, risasi nyingine imeingia. Yote hayo saa inakukimbiza. Usipoufikisha wenzo mwisho, bunduki inakwama.

Yangu ilikuwa ngumu kama kifuniko cha jemu. Ikanikwamia katikati ya mechi, nikashindwa kumaliza.

Ardith akapita nyuma yangu akisukuma kigari chake cha bunduki, wenzo wa yake umefungwa ngozi nyekundu kama kawaida yake.

"Shoga, bado upo? Nilijua umehamia kwenye kufuma soksi."

"Nitakufumia moja, uzibe nayo mdomo!"

Nilijibu kwa sauti kubwa. Kwenye gari nikalia.

"Harlan, nikikwama tena naacha. Magauni nagawa."

Harlan akaendesha gari polepole mpaka nyumbani.

Sasa kwetu, ukitangaza unatafuta bunduki, umejitakia. Hakuna anayekuacha ununue kabla hujajaribu ya kwake. Mechi iliyofuata walinizunguka na vigari vyao kama wauza mitumba.

"Bibi Biskuti, shika hii, ina nguvu hiyo!"

"Nguvu za nini? Nakwenda kuua dubu? Shabaha zenyewe ziko karibu, naweza kuzitemea mate!"

Mwingine akaleta iliyonakshiwa dhahabu. Nzuri, acha kabisa. Lakini wenzo wake ulishuka mbali mpaka nikadhani utanikwangua goti. Nikairudisha. Nyingine ilikuwa nyepesi mno, nilipofyatua ikanitwanga bega.

Nikaanza kukunja magauni.

Asubuhi ya mechi ya mwisho, Harlan akanipa bunduki moja ya mtindo wa kizamani. Wenzo wake ulikuwa umezungushiwa ngozi mpya ya kahawia, ili usichubue vidole.

"Ya nani hii?"

"Ya mtu. Vuta kwanza, mke wangu. Maswali baadaye."

Ilikuwa tupu. Nikaielekeza salama, nikavuta.

Ha!

Wenzo ulikwenda safari fupi, ukarudi wenyewe kama droo iliyopakwa sabuni. Nikavuta tena. Nikavuta kwa vidole viwili. Nikaanza kucheka peke yangu kama chizi.

"Harlan, huyu mtu simrudishii!"

"Utamrudishia," akasema, akijifanya anafuta kofia.

Zamu yangu ikafika. Saa ikalia piii.

Kling! Kling! Kling! Chuma kikaitika, maganda yakaruka juu ya kofia yangu, nami sikumbuki kama nilipumua. Nilipomaliza, wahesabu makosa wakainua ngumi zilizofumbwa. Maana yake sijakosa hata moja.

Akaingia Ardith. Nikaangalia mkononi mwake, nikaona ile ya dhahabu! Ameiazima! Nikasema moyoni, maringo hayo.

Akafyatua vizuri mwanzoni, halafu ikakwama. Akaung'ang'ania wenzo mtupu usio na ngozi, vidole vikachubuka, damu ikatoka, saa inakwenda.

Hapo ndipo nilipokata kiuno.

Harlan akaninong'oneza, "Verna, basi." Nikamwambia aniache, nimesubiri sana.

Baadaye nikakaa kivulini kuifuta ile bunduki ya watu, niirudishe ikiwa safi. Ngozi ya kahawia ilikuwa imelegea kwa jasho la mkono wangu. Nikaivuta kidogo niikaze upya.

Chini yake kulikuwa na ngozi nyingine. Nyekundu.

Klabu nzima, mtu anayefunga ngozi nyekundu ni mmoja tu.

"Harlan!"

"Alinikataza nisikwambie," akasema. "Alisema ukijua hutaishika."

Nikamkuta Ardith kwenye pipa la maji, anaosha vidole.

"Kwa nini, Ardith?"

"Kwa nini nini?"

"Usinifanye mtoto. Umenipa bunduki yako!"

Akapuliza vidole kwanza. "Mabibi tumebaki wawili, Verna. Ukiacha, nitamshinda nani? Kivuli changu? Nile maharage kwa kuwa wengine wamechoka?"

"Lakini umeshindwa!"

"Nimeshindwa na bunduki yangu mwenyewe. Nusu ya ushindi ni yangu, usijisahau."

Nikamkumbatia na damu yake na maji yake. Nililia na kucheka kwa pamoja, kofia ikaniangukia pipani.

"Na kile kiuno," akasema sikioni mwangu, "kilikuwa kibaya. Usirudie."

Maharage tulikula sahani moja, vijiko viwili. Alikula haraka kunizidi, mlafi yule.

Basi, nyie mnaoniuliza bunduki gani ni rahisi kuendesha, jibu langu ndilo hilo. Msiangalie dhahabu. Shikeni za watu, vuteni wenzo siku vidole vinapouma kuliko siku zote, mtaijua yenu. Na mkitafuta mpinzani, tafuteni anayeumia mkikosekana uwanjani.

Ya Ardith nilimrudishia siku ileile. Nimenunua yangu, mtindo uleule, na wenzo nimeufunga ngozi nyekundu kama yake. Amekasirika vibaya sana, hanisemeshi, na msimu unaanza Jumamosi.