Jetoni Zetu za Pembe

Pembe ya ng'ombe ikikatwa kwa msumeno hutoa harufu ya nywele zilizoungua. Mimi harufu hiyo naipenda, na najua mtanishangaa. Juzi nilikwenda kwa fundi mmoja hapa Mbarara, chini kidogo ya Kamukuzi, kuchukua vifungo vya koti la mteja wangu, maana kazi yangu ni ushonaji. Fundi alikuwa akikata pembe, vumbi jeupe limemjaa kwenye kope, na wateja wengine wamejiziba pua kwa leso. Mimi nilisimama mlangoni nikavuta pumzi hadi ndani kabisa. Papo hapo nikawa na miaka kumi na mmoja, nimechuchumaa mbele ya nyumba yetu ya udongo katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nimeshika msumari wa moto.

Baba yangu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha sukari, Kivu Kusini, huko Kongo. Tulipokimbia alibeba vitu viwili tu vya kwake, ovaroli ya bluu na pakiti ya karata. Mama hakuacha kumkumbusha kwamba wenzake walikimbia na sufuria. Tulipokelewa Kabazana, kituo cha Uganda cha kupokea wakimbizi, tukapewa kiwanja, tukajenga, na nyumba haijakauka vizuri Baba alikuwa ameshapata watu wa kucheza nao.

Mchezo wenyewe ni poka, ambao Baba alijifunza kwa mkubwa wake wa kazi. Kwa asiyeujua, nitasema hivi: kila mtu hupewa karata, huweka dau, na mara nyingi mwenye uso mkavu humshinda mwenye karata nzuri. Huko kiwandani dau liliwekwa kwa jetoni, vidude vya mviringo vya plastiki, kila rangi na thamani yake. Kwetu jetoni hazikuwepo, na fedha isingewezekana. Sisi ni watu wa kanisa, na mchungaji alikuwa ameshasema kwamba karata za fedha ni ngazi ya kushukia motoni. Basi wakacheza kwa maharage. Punje ya njano ilihesabiwa moja, nyekundu ilihesabiwa tano, na zawadi ya mshindi ilikuwa kiti chetu cha pekee chenye mgongo. Alikibeba kichwani hadi kwake akakikalia wiki nzima, na sisi tukabaki na vigoda.

Wachezaji walikuwa wanne. Baba. Papa Neema, jirani yetu, mwenye ulimi mwepesi kuliko miguu. Karugaba, Mnyankore mwenyeji wa Endiinzi jirani, mwenye ng'ombe, aliyekuja kununua mahindi Jumapili moja, akaketi kungoja mvua ikatike na hakuacha kuja tena. Wa nne ni Mzee Lukogo. Huyu alikuwa rafiki wa marehemu babu yangu, na njia nzima ya kutoka nyumbani alitembea mbele yetu na fimbo yake. Hakukuwa na mtu mwingine Nakivale aliyemjua Baba tangu akiwa mtoto. Karata zake alizishika karibu kabisa na pua, nasi tulidhani ni ujanja wa kuzificha.

Jumapili moja, baada ya ibada, Mzee Lukogo alishinda raundi akavuta punje nyekundu badala ya za njano. Papa Neema akamrekebisha. Raundi iliyofuata akarudia. Kisha alipoinuka kujinyoosha, mfuko wa koti lake ukapinduka, maharage yakamwagika mkekani.

Papa Neema hakungoja.

"Mzee, ile maharage unatoaka nayo ku nyumba," alisema. "Ya posho yote inafanana. Sasa tutajua je ya muchezo ni gani?"

Kweli, maharage ya Nakivale nzima yalitoka kwenye magunia yale yale ya msaada. Mzee Lukogo aliurudisha mfuko ndani ya koti. Angeweza kujieleza. Alisema tu, "Miye siko mwizi," akachukua fimbo yake na kuondoka, na kuku wetu wakaja kula ushahidi.

Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili, wala ya tatu. Baba alimfuata mara mbili akarudi peke yake. Yeye alikuwa mtu wa kuimba akilima, sasa akawa analima kama aliyeajiriwa. Mama, aliyezitukana karata miaka yote, alianza kuzifuta vumbi. Niliogopa. Nilikuwa nimekwisha kuona wanaume walioingia katika kimya cha namna hiyo kule kambini wasitoke tena, na sikutaka baba yangu awe mmoja wao.

Ndipo Karugaba alipoleta pembe mbili, ndefu kama mikono ya mtu mzima, nyeupe shinani na nyeusi nchani. "Hizi nilikuwa natupa," alisema. "Nyinyi iko na watoto, watachezea."

Baba alizigeuzageuza, kisha akaniita. Lazima niseme bila haya kwamba mikono yangu ilikuwa inajulikana. Nilishona mpira wa matambara usiofumuka na kuchora mapambo kwenye madaftari ya darasa zima.

"Nabintu," alisema, "utufanyie jetoni. Zikuwe za nyumba hii tu, mutu asiweze kutoa zingine mu mufuko yake."

Angeweza kuwapa watoto wa kiume wa jirani, waliokuwa wakubwa kuliko mimi. Alinipa mimi. Usiku huo sikulala vizuri kwa fahari.

Kwanza niliikata ncha ya pembe vipande vipande, kama anayekata karoti. Kila kipande kikatoka na ukubwa wake, na Karugaba akacheka hadi akashika mbavu. Mama akaniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ingawa koleo lenyewe lilikuwa lake, na kweli lilivunjika. Baadaye nilijifunza kuichemsha pembe hadi ilegee, kuipasua, kuibana chini ya jiwe la kusagia ilale bapa, kisha kuchora juu yake kwa kuzungusha kizibo cha soda. Nilikata kwa kipande cha msumeno wa chuma, nikasugua juu ya jiwe, nikang'arisha kwa majivu. Jetoni sitini, zote sawa kwa sawa. Nilikuwa nazilaza juani nazitazama kama mama kuku.

Nilizipaka rangi kwa wino wa kalamu na udongo mwekundu. Baba akazitazama, akatikisa kichwa.

"Rangi hapana. Itaisha na jasho ya mikono."

Nikazichora namba kwa ncha ya msumari, tena namba nzuri zenye mikia. Baba akachukua moja, akafumba macho, akapitisha kidole gumba juu yake polepole. Mimi nilidhani anapima kama imelainika.

"Siskie kitu," alisema, akanirudishia.

Niliudhika sana, maana namba zilikuwa pale, mtu angefumbua macho tu angeziona. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo.

Jibu nililipata kwenye foleni ya posho. Kila familia ilikuwa na kadi, na ukishapokea chakula cha mwezi, karani aliitoboa tundu kwa chuma chake. Siku hiyo jua lilikuwa kali, foleni haiendi, na Mama alisimama kadi mkononi akiipapasa matundu kwa kidole bila kuitazama, kama wengine wanavyopapasa rozari. Niliuona mkono wake ndipo nikajua la kufanya.

Nikaanza kuunguza. Msumari katika makaa hadi uwe mwekundu, kisha tundu. Jetoni ya moja haikuwa na tundu, ya tano ilikuwa na tundu moja, ya kumi ilikuwa na matundu matatu yaliyokaa kama mafiga. Mama alilalamika kwamba nguo zote zinanuka kinyozi. Nilipomaliza, Baba alifumba macho tena. Akapapasa moja, akapapasa nyingine, akapapasa ya tatu. Alipofumbua macho yalikuwa na machozi, nami nikadhani ni moshi.

Akazitia katika kifuko cha kitambaa. "Pelekea Mzee Lukogo. Mwambie ni yeye wa kuzihakikisha. Asipozikubali, hatutacheza."

Nilimkuta Mzee ameketi mbele ya nyumba yake. Nilimpigia magoti nikamwambia nilichotumwa. Hakuzimimina nje. Alitia mkono ndani ya kifuko, akaanza kupapasa humo humo, uso ameuelekeza barabarani.

"Hii haina tundu," alisema. "Hii iko na moja. Hii tatu." Akanigeukia. "Ni nani alikufundisha?"

"Miye mwenyewe, Mzee."

"Na hii ya matundu tatu, ni ngapi?"

"Kumi. Hii njo kubwa kupita zote."

Mzee Lukogo alianza kucheka, taratibu, hadi mabega yakamtikisika. "Mutoto wangu, kadi ikiwa na matundu mingi, si chakula kimekwisha kuliwa? Hii ya tatu ni ya mwenye njaa. Ile haina tundu njo tajiri, bado hajakula hata mara moja."

Niliona aibu, masikio yakaniwaka. Kazi ya wiki nne, na nimeipanga kichwa chini miguu juu. Lakini yeye alikuwa ameshainuka. "Twende tuwaambie," akasema, akaniwekea mkono begani, na tukatembea hivyo hadi kwetu, mimi nikidhani ananipongeza.

Wanaume walibishana kwa furaha karibu saa nzima. Papa Neema ndiye aliyekata shauri.

"Mzee ana haki. Matundu tatu ni ya mutu amekwisha kula, ni moja. Isiyo na tundu ni kumi." Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Na maneno ya maharage, Mzee, nilikosa."

"Kuku walisha kula ile maneno," Mzee akajibu. "Gawa karata."

Jioni hiyo ni yeye aliyebeba kiti. Tangu siku hiyo hakukosea hata jetoni moja, na watu walitoka vijiji vingine kuja kuziona. Baba akawa anaonyesha kidole: "Fundi ni ule, wa kike." Ukiona vyaelea, vimeundwa, nami nilitembea Nakivale nzima kama niliyeiunda meli. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nimetengeneza kitu cha kumzuia mwizi.

Nilikuwa nimeshahamia Mbarara kujifunza cherehani siku nilipompeleka Mzee Lukogo kwa daktari wa macho. Alikuwa haoni tena kabisa, akaona haina maana kuficha. Daktari alimuuliza ni lini macho yalianza kumsumbua. Mzee alifikiri, akageuka upande niliokuwa nimekaa.

"Tangu maneno ya maharage," akasema.

Yote yalinijia kwa pamoja pale kwenye benchi. Nyekundu na njano zilikuwa zimekwisha kuwa rangi moja kwake. Maharage aliyoyashinda aliyatia mfukoni kwa sababu akiyaweka mkekani hangeyaona tena. Nikamuuliza kwa nini hakujieleza siku ile. Alijibu kwamba angesema, wangemwandika katika orodha ya wasiojiweza, angeletewa uji, na jembe lake angepewa mtu mwingine. Alitaka kulima miaka michache tena, na aliilima.

Niliporudi nyumbani nilimuuliza Baba kama alijua.

"Nilijua," alisema. "Lakini ningemwambia nini, mbele ya batu? Na wewe ningekuambia je? Ulikuwa mutoto, ungemuonea huruma, naye angejua."

Kwa hiyo alifumba macho na kungoja, akakataa rangi zangu, akakataa namba zangu zenye mikia, hadi nilipolipata lile tundu kwa akili yangu mwenyewe. Sijawahi kumpenda baba yangu kama siku hiyo, na sijawahi kujivunia mikono yangu kama siku hiyo. Mkono ule wa begani haukuwa wa kunipongeza. Mzee alihitaji kuongozwa njia, nami nilimfikisha bila kujua.

Fundi wa Kamukuzi alinihesabia vifungo vyangu juu ya meza. Nilifumba macho nikavipapasa kimoja kimoja, tundu kwa tundu. Aliniuliza kama kuna kasoro. Nikamwambia hapana, vyote vinasikika vizuri.