Mwenyekiti wa Ikwalaiza

Ebo Quansah wa Takoradi alikuwa na masikio mawili kama wewe na mimi, ila hakuyaamini mpaka kompyuta iyathibitishe. Kwenye kioo cha kompyuta hiyo palikuwa na mstari wa kupanda na kushuka, ambao wataalamu wa mbali walisema ndio sauti inayowapendeza watu wengi. Kama ilimpendeza yeye, hakuwahi kujiuliza. Alishinda akirudia wimbo mmoja na kuchezea ikwalaiza, programu ya kurekebisha sauti, bezi chini kidogo, trebo juu kidogo, hadi hedifoni zake ziufuate mstari ule.

"Baba Kwesi," mkewe Araba alimuuliza, "huo wimbo hauna mwisho?"

Jumamosi ile chama cha wasikilizaji wa muziki kilikuwa kinachagua mwenyekiti, na Ebo alikitaka kiti kile hadi usingizi ukamruka. Kila mgombea alitakiwa kuwasikilizisha wenzake kazi yake: kwanza sauti ya asili, kisha iliyorekebishwa. Mpinzani wake, Kojo Acquah, alikuwa ameshapigiwa makofi ya kinyonge.

Ebo akawavisha hedifoni mmoja mmoja. "Hii ni kabla." Akabonyeza. "Na hii ni baada."

"Ai! Bra Ebo, kaka yangu, gitaa limetoka kwenye matope!"

"Pazia limeondoka," akasema mwingine, kafumba macho.

Hata Kojo akakubali. "Bezi imekaa. Sikudanganyi, imekaa."

Wa mwisho alikuwa Efua Bentil, mwalimu wa kwaya, aliyekuja hasa kwa ajili ya mlo, kenkey ya mahindi na samaki. Akasikiliza, akainamia kompyuta. "Bra Ebo, hii swichi ya ikwalaiza mbona imezimwa?"

Ebo akachungulia. Aliizima mwenyewe asubuhi ili asikilize taarifa ya habari, akasahau. Muda wote alikuwa akibadilisha majina tu, 'kabla' na 'baada', kwenye kioo, sauti ni ile ile. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Hakuna aliyecheka. Acheke nani, yule wa pazia?

"Mimi nimesikia tofauti," Kojo akasema, macho darini. "Nyie je?"

"Tumesikia!"

Mikono ya kura ikanyooshwa juu, isipokuwa wa Efua, uliokuwa kwenye samaki. Ebo akapita bila hata mkono mmoja wa kumpinga.

Nyumbani, Araba alimpongeza, akavaa hedifoni. Ebo akawasha swichi, akazima, akawasha tena. Safari hii sauti ilibadilika kweli.

"Zinatofautiana," Araba akasema. "Wewe unaipenda ipi?"

Mwenyekiti akatoka uani na simu, akampigia Kojo amuulize ni ipi ya kupenda.