Kifua cha Kaka Hamisi

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote za nyumbani kwetu, kijijini Busi, si ya ng'ombe wala ya kinu. Ni ya kifua cha kaka yangu Hamisi. Kilikuwa kikipiga filimbi. Tuliishi katika tembe, chini ya paa la udongo lililoinama kiasi kwamba moshi wa kuni haukupata pa kwenda, na asubuhi, kabla sijafumbua macho, filimbi ile ilinieleza kama siku yake ingekuwa njema au mbaya. Msimu wa kupura mtama ndio uliomtesa zaidi. Vumbi la makapi likitanda uwanjani, alijitenga, mabega yamepanda juu, viganja vimeshika magoti, akivuta hewa kama mtu anayevuta kamba iliyonasa kisimani. Watoto wenzake walimwita Mzee, naye hata ndevu zilikuwa hazijaota. Zilikuwa zama za Wajerumani. Mimi nilikuwa msichana mdogo, baba alikwisha kufariki, na nyumbani tulibaki watatu: mama, Hamisi na mimi.

Mama alikuwa amejaribu kila alichoelekezwa, majani ya kufukiza, mizizi ya kuchemsha, kombe la aya la kunywa kutoka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na pumu haikusikia lolote. Lakini alikuwa mwanamke wa kuangalia mambo. Aliona kwamba mwaka mmoja alipomkataza Hamisi kutoka nje, kifua kilizidi kulegea, hata kutembea mpaka zizini kukamchosha. Basi siku moja akaamua kumfundisha kutembea upya, kama anavyofundishwa mtoto. Hawakutoka alfajiri, kwa sababu baridi ilimbana. Walingoja jua lipate nguvu kidogo na umande ukauke. Walianza polepole kabisa, mpaka kwenye ua wa jirani na kurudi, kisha mbele kidogo, kisha mpaka chini ya kilima kilicho nyuma ya nyumba yetu. Nami nilifuatana nao, nikichoshwa na mwendo ule wa kobe.

"Nitajie ng'ombe wa babu yako," mama humwambia wanapotembea, na Hamisi hutaja, yule mwekundu, yule wa pembe moja, yule aliyekufa na ndama tumboni. Maneno yakianza kukatika, mama husimama. Hakumwacha aendelee hata kama mwenyewe alitaka. "Sasa toa pumzi kama unapoza uji. Usiivute kwanza, itoe." Hamisi alichongoa midomo akapuliza taratibu, mabega yakashuka, kisha wakaendelea. Siku ambazo kifua kilikuwa kibaya walikaa nyumbani, na mama hakumlaumu. Jiko nalo alilihamishia nje, jambo ambalo wanawake wa jirani walilicheka sana.

Mvua zikaja zikapita, tukavuna, tukapanda tena. Sikuona siku mabadiliko yalipotokea. Niliona tu kwamba kaka amefika nusu ya kilima, kisha kileleni, kisha anashuka na kuni. Filimbi haikuisha kabisa, ila ilikuwa ikikaa kimya kwa siku nyingi. Shingo yake ilijaa, kifua kikatanuka, na jioni moja nilimsikia akiimba huku amebeba gogo begani. Mama alikuwa akichambua mboga. Aliacha mikono ndani ya ungo akasikiliza mpaka wimbo ukaisha. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha ya namna ile, na sijui kama nitaisema vizuri: alikuwa kama amemzaa mara ya pili.

Kisha vita ikaja, Wajerumani na Waingereza, na askari wa Wajerumani wakaanza kuzunguka vijijini wakitafuta wapagazi wa kubeba mizigo ya vita. Akida wetu, msimamizi wa serikali katika vijiji vyetu, alikuwa akija nao kuwaonyesha nyumba. Mara ya kwanza alipofika kwetu, miaka ya nyuma, kwa kazi ya barabara, alimtazama Hamisi akihema mlangoni akasema, "Huyu mwacheni, ni mgonjwa." Safari hii alimkuta uwanjani akipasua kuni.

"Shikamoo, Bwana Akida," mama alisema, akapiga magoti. "Huyu ana pumu. Unamjua tangu mdogo."

"Nilimjua. Pumu hiyo iko wapi leo? Nimemwona kwa macho yangu akishuka kilimani na gogo, anaimba."

"Wallahi ni mgonjwa, bwana."

Askari walikwisha kutoa kamba. Hapo mama akamgeukia Hamisi, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia. "Kimbia, mwanangu! Zunguka nyumba, kimbia upesi, wakuone!"

Nilielewa, na Hamisi alielewa. Mama alitaka pumu ije. Kaka akakimbia kwa nguvu zake zote, akaizunguka nyumba, akazunguka tena, akaja akasimama mbele yao. Sote tukasikiliza. Alikuwa akihema kama kijana yeyote aliyetoka kukimbia. Akajikohoza, akajibana shingo, akakodoa macho, lakini kifua hakikulia. Askari wakacheka. Mmoja akamshika mkono wa juu, akaubonyeza kama anayenunua fahali, akamfunga pamoja na wengine. Hamisi alimtazama mama, akasema tu, "Nimejaribu, mama."

Habari zake tulizipata kwa mtu wa Kondoa aliyechukuliwa upagazi pamoja naye, akarudi. Alisema walikuwa wakiamshwa kwenye baridi, wakibebeshwa mizigo kabla jua halijatoka, na msafara haukusimama mpaka askari aseme. Vumbi la walio mbele lilikuwa chakula cha walio nyuma. Hamisi aliwaeleza kwamba akipumzika kidogo ataweza, kwamba anajua namna yake. Alipigwa. Akaendelea mpaka akaanguka. Mzigo wake akapewa mwingine, naye wakamwacha kando ya njia, akiwa hai bado.

Mama hakulia mbele ya mgeni yule. Alimpa maji, akamshukuru. Lakini baada ya siku hiyo alirudisha jiko ndani, na akawa anakaa moshini hata alipokuwa hapiki. Niliwahi kumwambia ni Wajerumani waliomuua kaka. Akanijibu, "Wao walimkuta. Mimi ndiye niliyemtengeneza." Alikufa akiamini hivyo, na hakuna nililosema lililomfikia.

Leo ninaishi Majengo, mjini Dodoma, na mjukuu wangu ana pumu. Hospitali wamempa dawa, na daktari, binti mdogo mwenye adabu, akanieleza kwamba kijana asifungiwe ndani: aanze kwa kutembea, ajipashe mwili moto taratibu, asizidishe, apumzike anaposhindwa kuongea, na mwisho atakimbia kama wenzake. Alisema hivyo kwa furaha, kama anayenipa jambo jipya. Nikamwitikia. Sasa mtoto anakimbia. Jioni hurudi amelowa jasho, kifua kimya, na mama yake humkumbatia akicheka. Watu husema nchi imebadilika, na ni kweli, hakuna anayekuja na kamba. Nami nimezeeka mno kujifunza upya. Kila anapokuja mbio, wao humtazama yeye; mimi hutazama barabara nyuma yake, nione nani amemwona.