Pua ya Shemeji

Roho ya kwa nini haichagui kazi. Hata mtu anayevaa tai nyeusi na kutembea na kitambaa cheupe mkononi anaweza kuwa nayo, na Kizibo alikuwa nayo ya kutosha kugawia majirani.

Jina hilo alibandikwa na wapishi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mhudumu mkuu wa mkahawa ule wenye meza kumi na nne, na hakuna aliyefungua chupa ya mvinyo kama yeye. Alimwonyesha mteja lebo, akachomeka kizibuo, akavuta polepole mpaka kizibo kikatoka bila kelele, kisha akakinusa huku amefumba macho. Kusema kweli hakuwa akisikia harufu yoyote ya maana. Lakini meza nzima ilinyamaza ikimtazama, na kwa ule ukimya angeweza kufanya kazi bila chakula.

Ndipo ukaingia mvinyo mwekundu wa Australia, na chupa zake za vifuniko vya kuzungusha, kama za maji. Trak! Basi, imefunguka, hata mtoto angeweza. Wateja wakaacha kutazama mikono yake, wakaanza maswali: "Huu una ladha gani?"

"Mzuri sana, mzee," alijibu. Zaidi ya hapo hakuwa na neno.

Mwenye maneno alikuwa shemeji yake, mke wa mdogo wake. Kizibo mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi ya kuosha glasi, mwaka ule mdogo wake alipoumia mguu na nyumba yao ikawa haina mbele wala nyuma. Shemeji alikuwa na tabia ya kunusa kila glasi kabla ya kuizamisha kwenye sinki. "Meza ya saba wamekunywa kitu chenye pilipili manga," angesema, na ukienda kutazama chupa unakuta kweli ni Shiraz, mvinyo unaojulikana kwa ladha hiyo. Wahudumu wakaanza kumkimbilia jikoni kumuuliza. Kizibo aliwaona kila mara. Mfadhili mbuzi, alijisemea, binadamu ana maudhi.

Habari ikamfikia bosi, mama wa maneno machache. Akaamua: Ijumaa saa nne asubuhi, wakala wa mvinyo angekuja, na Kizibo na shemeji yake wangeonja chupa nne zilizofunikwa kwa karatasi. Atakayeonja vizuri angekuwa msimamizi wa mvinyo, mwenye ufunguo wa stoo na sauti ya kuchagua kitakachonunuliwa. Cheo hicho Kizibo alikingoja tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Shemeji, mimi naogopa," shemeji alimwambia. "Wewe ndiye unayestahili. Nimwambie bosi sitaki?"

"Onja tu, shemeji. Kuna ubaya gani?" alijibu akitabasamu. Yaani yeye aachiwe cheo kwa huruma, kama kiporo!

Chupa za majaribio zilikuwa zimeshaletwa, na ufunguo wa stoo bado alikuwa nao yeye. Jumatatu mchana, mkahawa ulipofungwa kungoja wateja wa jioni, aliingia akaifungua ile ambayo wakala aliisifia kuliko zote. Alionja kijiko kimoja, akasoma lebo ya nyuma ya chupa, akakariri: plamu, chokoleti, ngozi. Kisha akazungusha kifuniko, ukitazama huwezi kujua. Jumanne akarudi. Jumatano pia, na Alhamisi. Stoo ile imepakana na jiko la kuokea, ina joto kama homa, lakini hilo hakulifikiria.

Ijumaa wakakaa wanne kwenye meza ya dirishani, katikati kuna ndoo ya kutemea, maana waonjaji huonja bila kumeza. Kizibo alikuwa mfunguaji. Chupa ya kwanza alisema mzuri, chupa ya pili akasema mzuri sana. Kutema alikataa, akimeza kila funda, maana kwake kutema mvinyo ni kumtukana aliyeutengeneza. Masikio yakaanza kupata moto.

Shemeji alizungusha glasi ya pili, akanusa mara mbili, akatema kwa aibu huku amejifunika mdomo. "Huu una mkaratusi," alisema. "Kama majani yake yakitiwa kwenye maji ya moto mtu akiwa na mafua."

Kizibo alicheka kwa sauti. "Shemeji, hii si dawa ya kifua!"

"Yuko sahihi," wakala alisema bila kucheka. "Kule mashamba mengine yamezungukwa na mikaratusi. Harufu yake inaganda kwenye zabibu." Akamsogelea shemeji na kiti chake, na tangu hapo akawa anazungumza naye peke yake. Kizibo alitamani kuipindua ile ndoo.

Chupa ya tatu aliitambua kwa mkwaruzo aliokuwa ameuona shingoni. Aliifungua huku akikohoa kwa nguvu, ili wasigundue kwamba haikulia trak. Hakunusa hata kidogo. "Plamu," alisema kifua mbele. "Chokoleti. Na ngozi."

Bosi akainua nyusi. Wakala akaonja, akatema haraka.

Shemeji alikuwa amekunja uso. "Huu umechoka," alisema. "Chupa hii haikufunguliwa leo. Ina siku tatu au nne..." Hapo akamtazama Kizibo, akaona jasho linavyomtiririka.

"Kweli kabisa," wakala alisema. "Imeharibika. Nani aliifungua?"

Bosi aliweka glasi chini. "Stoo ina ufunguo mmoja," alisema, na macho yake yakaanza kupanda taratibu kuelekea kwa Kizibo.

"Ni mimi, bosi." Shemeji alikuwa ameinama. "Nilipewa ufunguo nikachukue glasi. Tamaa ikanishika, nikaonja. Naomba unisamehe."

Kizibo alipumua. Cheo kilikuwa chake, kimeletwa mpaka mezani, alichotakiwa ni kufunga mdomo tu. Akamtazama shemeji yake, kichwa chini, mikono iliyochakaa kwa sabuni imefumbatana, kisha akamwona wakala akimtazama kwa huruma, hata bosi uso umeanza kulainika. Ndipo kijicho kikamchoma kuliko siku zote. Yaani shemeji amshinde kwa pua, na kwa moyo pia amshinde? Yeye Kizibo aishi miaka yote iliyobaki akimtazama mwanamke huyu kila asubuhi na kujua kwamba amebebwa?

"Anadanganya!" alifoka, na kiti chake kikaanguka. "Hajaingia stoo huyo! Ni mimi, tangu Jumatatu, kijiko kwa kijiko. Nani kakutuma unibebee, shemeji? Nani kakutuma?"

Bosi akanyoosha mkono, na Kizibo akautoa ufunguo mfukoni; bosi akaupokea, kisha akauweka mbele ya shemeji. Shemeji hakuugusa. Alijifunika uso kwa aproni akalia taratibu, mabega yakitikisika, na wote pale mezani wakanyamaza wakimtazama.

Hata kulia, Kizibo aliwaza, analia vizuri.