Mwanakemia Aliyekuwa Mkalimani

Habari ya kifo chake ilinifikia kutoka Pemba ya Msumbiji: homa, siku chache, basi. Wasomaji wangu wa Palma watamkumbuka kama mkalimani wa mikutano ya gesi. Mimi namkumbuka kama mwanakemia. Huko Ureno alisomea jinsi chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa jicho, zinavyotembea juu ya metali, zikakutana na kujipanga zenyewe. Alirudi kumuuguza mama yake aliyepooza, akidhani ni kwa muda mfupi. Maabara ya huko Ureno ilimwekea nafasi mpaka ikachoka kusubiri. Jirani walimpongeza: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Yeye akaninong'oneza, "Kaka, ngamani mwa jahazi ndimo yanamokusanyika maji machafu." Nilicheka, yeye hakucheka.

Siku moja nilimkuta uani anasugua kipande cha shaba kwa majivu. Akakichovya kwenye mafuta ya nazi ya moto, akakifuta mpaka kikaonekana kikavu, kisha akakimwagia maji. Maji yakajikunja kuwa matone, yakateleza. "Umebaki utando wa chembe," akasema. "Zimesimama bega kwa bega, kama safu za msikitini." Mama yake, kwenye mkeka, akauliza, "Na imamu wao nani?" "Hawana, mama. Zikipata joto la kutosha zinahangaika mpaka kila moja ione pake. Zikipoa mapema, zinakwama popote zilipo."

Gesi ilipogunduliwa, tulidhani zamu yake imefika; mabomba ya chuma yanataka watu wanaojua kuyakinga na kutu. Watu wa kampuni wakampa kazi ya kutafsiri, Kireno kwa Kiswahili, maneno ya kuwahamisha watu wapishe mradi. Akaifanya, maana dawa za mama hazikungoja. Mpaka siku mjomba wake aliposimama mkutanoni, akauliza, "Na makaburi yetu?" Ofisa akajibu kwa Kireno kuwa nayo yatahamishwa. Mpwa mtu akakiweka kipaza sauti mezani. "Hilo sitalisema mimi, bwana mkubwa. Lisemeni wenyewe."

Hakurudi kazini. Akafundisha sekondari isiyo na hata chupa moja ya maabara, na mama alipofariki, huko Ureno hapakuwa tena na anayemkumbuka.

Msibani walisifu uvumilivu wake. Haukuwa uvumilivu; hakuwa na pa kutokea. Tunawapokea wasomi wetu kwa vigelegele, kisha tunawapa kazi ya kusema maneno ya wengine. Anayemwita mtoto nyumbani amwandalie kazi aliyoisomea; kama hana, asimfungie mlango wa kutokea.